Daraja la Tano

Barua ilimkuta Mwalimu Alun Prosser mezani pake asubuhi, juu ya rundo la madaftari ya wanafunzi. Ilikuwa na mistari mitatu tu. Idara ya Utumishi ya kampuni ya meli ya Cheongpa ilimtaka athibitishe, kwa sahihi yake, kwamba msimamizi Ok Chang-dae wa idara ya rangi alikuwa amepanda hadi daraja la tano la Kiingereza cha kuzungumza, kama zilivyosema ripoti za mwalimu mwenyewe. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi na ya tarehe.

Ok Chang-dae alikuwa mwanafunzi wa darasa lake la alfajiri. Tena alikuwa kaka wa mkewe.

Alun aliichukua barua akapanda nayo ghorofa ya saba kwa Meneja Pyo Seon-ju, mwanamke mwembamba aliyekuwa na tabia ya kupanga kalamu zake sambamba kabla ya kusema neno gumu. Alimkuta anazipanga.

"Karibu, Mwalimu. Nilijua utakuja."

"Ni kitu gani hiki? Sijawahi kuombwa kuthibitisha ripoti."

"Hatujawahi kuhitaji." Akamsukumia karatasi. "Soma mwenyewe. Ni kumbukumbu za kikao cha Alhamisi iliyopita na wakaguzi wa mwenye meli, wale Wanorwe wawili."

Alun akasoma. Wakaguzi walikuwa wamekuta rangi imevimba mahali pachache ndani ya matangi manne ya meli iliyokuwa karibu kukabidhiwa. Walimwita msimamizi wa kazi hiyo. Kwa kuwa alikuwa daraja la tano, kampuni haikumpa mkalimani. Mkaguzi aliuliza: "Hamkupima unyevu wa chuma kabla ya kupaka rangi?" Msimamizi Ok akajibu: "Hapana." Mkaguzi akauliza tena: "Hamkupima hata mara moja?" Akajibu: "Hapana! Hapana kabisa!" Mwisho wa ukurasa ilikuwapo sahihi ya Chang-dae, herufi zake kubwa zilizonyooka kama zilizoandikwa kwa rula.

Alielewa papo hapo kilichotokea. Kwa Kikorea, lugha ya Chang-dae, mtu akiulizwa "Hukula?" naye akajibu "Hapana," maana yake ni kwamba si kweli, nimekula. Kiingereza kinaigeuza: hapana hiyo huwa ni kukubali kwamba hukula. Ni kosa la mwanafunzi wa mwezi wa kwanza. Chang-dae alikuwa amelifanya darasani mara zisizohesabika, na Alun alikuwa amelisikia mara zisizohesabika.

"Sasa leo," Meneja Pyo akaendelea, "analeta daftari la vipimo. Kila saa mbili, joto na unyevu, mwezi mzima. Wanorwe wanasema daftari limeandikwa baada ya kikao, kwa sababu mwenyewe alishakiri mara mbili na kutia sahihi. Matangi yote manne lazima yakwanguliwe yapakwe upya, kwa gharama yetu. Mimi ninachotaka kujua ni kimoja. Alielewa swali au hakuelewa?"

"Huenda alichanganyikiwa kidogo."

"Mtu wa daraja la tano? Kwenye ripoti yako wewe mwenyewe umeandika hapa: anaweza kujadiliana na mteja bila msaada." Akamtazama usoni, si kwa ukali. "Mwalimu, kama hakuelewa, niambie. Lakini kama hakuelewa, itabidi uniambie pia ripoti hizi ni za nini."

Alun akaikunja barua. "Nipe hadi kesho," akasema.

Mikataba ya walimu wa Cheongpa ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, na ya kwake ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi ule.

Mwaka wake wa kwanza kampunini, Alun aliandika ukweli. Aliwapa wapaka rangi, wachomeleaji na mafundi wa nyaya madaraja waliyostahili, yale ya chini, ya kwanza na ya pili, akaitwa na mkuu wa mafunzo, akapewa kahawa. "Watu wako hawapandi, Mwalimu," mzee yule alimwambia kwa upole. "Mwenzako wa upande wa injini watu wake wanapanda. Sasa wakubwa watauliza, tatizo ni watu au ni mwalimu?" Mwaka uliofuata watu wa Alun walianza kupanda.

Wala hakuona kama anadanganya. Darasa lilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya zamu. Wanaume kumi na wawili waliingia wakiwa na macho mekundu na viatu vya chuma, wengine wakitafuna wali uliofungwa kwa mwani. Ukimsahihisha mmoja mbele ya wadogo zake wa kazi, uso wake ulifungika kama dirisha, na wiki mbili zilizofuata hakufungua mdomo. Lakini ukimwambia "Vizuri sana!" alicheka, na wenzake wakacheka, na kesho yake alirudi.

Chang-dae alikuwa furaha ya darasa lile. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, kifua kipana, na sauti ya kuitia watu kutoka upande wa pili wa meli. Alikuwa na sikio la ajabu. Neno lolote ulilomtamkia alilirudisha kama lilivyo, hata lafudhi ya Alun ya Wales akaichukua. Maana ndiyo iliyomponyoka.

"Jana mimi kwenda kula samaki na rafiki, rafiki kulipa, mimi furaha!" alisema siku moja kwa Kiingereza, matamshi safi kama ya mtangazaji wa redio.

"Vizuri sana!" Alun alisema, na darasa zima likapiga makofi.

Siku nyingine Alun alimtania, "Hukumnunulia hata bia, huyo rafiki?" Chang-dae akajibu kwa fahari, "Hapana! Hapana! Chupa tatu!" Watu walicheka hadi wakajifuta machozi. Alun naye alicheka, saa ikafika, wakatoka.

Jioni ya siku ile ya barua, Chang-dae alikuja kula kwa dada yake kama kawaida. Alikuwa ameachana na mkewe zamani, akiishi bwenini kwa wafanyakazi, na kila jioni aliyokuwa hana zamu alikula mezani kwa Yeon-hui. Mama yao, Yun Mal-sun, naye aliishi hapo kwa binti yake, na kwa sababu hiyo Chang-dae hakuwahi kuja mikono mitupu. Safari hii alileta vibua wawili ndani ya mfuko wa nailoni.

"Kaka, kofia yako iko wapi?" Yeon-hui aliuliza, kwa sababu Chang-dae alipenda kuja na kofia yake ya kazi yenye mistari miwili ya bluu, alama ya usimamizi, aitundike kwenye msumari pale mlangoni kana kwamba ni picha ya baba yao.

"Imechukuliwa ikaoshwe."

"Kofia ya plastiki inapelekwa kuoshwa wapi?"

"Wewe kaanga samaki," alisema.

Lakini walipokaa kula aliwaambia. Alikuwa ametolewa matangini tangu Jumatatu, akawekwa stoo kugawa glovu. Wapaka rangi aliowafundisha mwenyewe walipanga foleni dirishani wakimwambia "Naomba jozi moja, msimamizi," huku wakitazama sakafu.

"Mmoja aliniomba nimsainie," Chang-dae alisema akitafuna. "Nikamwambia, wewe, mimi ndiye niliyekufundisha kushika bunduki ya rangi, leo unataka nikusainie glovu? Akasema ni utaratibu, msimamizi. Nikasaini!" Akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

"Umefanya nini, mwanangu?" mama yake aliuliza.

"Ndilo linaloniua, Mama. Sijui. Wanasema nimekiri. Nimekiri nini? Yule Mnorwe aliniuliza kama hatukupima, nikamkatalia. Akauliza tena, nikamkatalia kwa nguvu zaidi. Mara mbili, tena kwa Kiingereza! Na jamaa akaitikia kwa kichwa kama aliyeridhika, akanipa mkono." Akamgeukia Alun. "Shemeji, mimi sipimi unyevu? Miaka ishirini na saba! Mvua ikikaribia, goti langu linajua kabla ya mashine. Nawezaje kupaka chuma chenye jasho?"

Alun alikuwa akitoa miiba kwenye samaki. Aliendelea kuitoa hata pale ilipokuwa imekwisha.

"Labda alisikia vibaya," alisema.

"Alisikia vibaya? Kiingereza si ni chake?"

"Si chake. Ni Mnorwe."

"Basi ndiyo hivyo!" Chang-dae akapiga meza kwa kiganja. "Yeye ndiye hajui! Mama, umesikia? Mwanao ni daraja la tano, anaponzwa na Mnorwe asiyejua Kiingereza."

Mama Mal-sun hakucheka. Alikuwa na miaka sabini na minane na mgongo uliopinda kwa kuinamia chaza ufukweni maisha yake yote. Alimwekea Alun kipande cha samaki kilicho kinono juu ya wali wake, kama alivyofanya siku zote kwa mgeni wa heshima.

"Mkwe wangu," alisema, "wewe si ndiye mwalimu wake? Nenda kawaambie. Neno la mwalimu halipingwi."

"Nitazungumza nao, Mama."

"Kula kwanza."

Chang-dae alipoondoka Yeon-hui alifunga mlango wa chumbani akausimamia kwa mgongo.

"Alikosea wapi?" aliuliza.

Alun akamweleza. Halikuwa jambo refu.

Yeon-hui, aliyefanya kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno na aliyejua Kiingereza kuliko kaka yake ingawa hakuwahi kukikalia darasani, alilielewa mara moja. "Kwa hiyo hakusema uongo. Hakuelewa tu."

"Ndiyo."

"Mtu wa daraja la tano anaweza kukosea hivyo?"

Alun akavua saa yake akaiweka mezani.

"Kaka yangu ni daraja la ngapi, Alun?"

"La pili. Siku nzuri, la pili."

"Na yeye anajua?"

"Hapana."

Yeon-hui akakaa ukingoni mwa kitanda. Nje, kreni za kampuni zilikuwa bado zinalia. "Kawaambie basi. Kesho."

"Nikisema yake ni ya uongo, watauliza za wengine. Wote arobaini wa madarasa yangu. Mkataba wangu unaisha tarehe thelathini. Nyumba hii ni ya kampuni, Yeon-hui. Na mama yako..."

"Usimtaje mama yangu."

"Nasema tu ilivyo. Nina miaka arobaini na tisa. Nani atamchukua mwalimu aliyefukuzwa kwa kughushi ripoti? Na yeye, kaka yako, nikisema ni wa daraja la pili, usimamizi wake si unaondoka vilevile? Nafasi ile inataka la nne."

Hoja hiyo ya mwisho ilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, na wote wawili waliishika kama watu wanaozama wanavyoshika ubao. Yeon-hui alikuwa akimpenda kaka yake, ndiye aliyeacha shule ili yeye asome. Lakini alikuwa amehama nyumba mara saba tangu azaliwe, na hii ndiyo ya kwanza ambayo mama yake alikuwa na chumba chenye dirisha.

"Fanya unavyoona," alisema.

Kwa miaka mingi baadaye Yeon-hui angeyakumbuka maneno yale mawili, na angejua kwamba hayakuwa ruhusa wala katazo. Alikuwa amemwachia mumewe mzigo ili asichafuke mikono yeye.

Asubuhi Alun alitia sahihi na tarehe, akaitumbukiza barua kwenye kisanduku cha ghorofa ya saba kabla Meneja Pyo hajafika kazini.

Kikao cha nidhamu kilifanyika Jumanne. Watu watano walikaa upande mmoja wa meza, Chang-dae peke yake upande wa pili, amevaa suti aliyoivaa mara ya mwisho kwenye harusi ya dada yake. Vifungo havikufunga.

Mkurugenzi mmoja wa mauzo, mtu mfupi mwenye sauti laini, alimpa zile kumbukumbu. "Tusomee, tafadhali. Kwa sauti."

Chang-dae akavaa miwani. Akasoma ukurasa mzima wa Kiingereza bila kukwama, kwa matamshi safi na lafudhi ile ya milima ya Wales, sauti yake ikipanda penye alama ya kuuliza na kushuka penye nukta. Alisoma vizuri sana. Hata yeye mwenyewe alijisikia anavyosoma vizuri, na moyo wake ukapata nguvu. Alipomaliza aliinua uso akitazamia kwamba sasa wataelewa.

"Asante," mkurugenzi alisema. "Nadhani hakuna haja ya kuuliza kama ulielewa."

Wakamweka kati ya mambo mawili. Ama hakupima na daftari ni la kughushi, ama alipima na akaisingizia kampuni yake mbele ya mteja, kwa sababu azijuazo mwenyewe. Lipi? Chang-dae alisema alipima. Basi kwa nini ulikiri? Alisema hakukiri. Wakamwonyesha sahihi. Wakamwonyesha sahihi nyingine, ya mwalimu wake. Chang-dae aliitazama ile ya pili na uso wake ukatulia, kwa sababu alidhani shemeji yake ameandika kumtetea.

"Mwalimu anasema nini?" aliuliza.

"Anasema unajua Kiingereza."

"Ndiyo," Chang-dae alisema. "Najua."

Ijumaa aliandika barua ya kuacha kazi kwa hiari, jinsi alivyoelekezwa, ili asipoteze kiinua mgongo chake. Jumamosi alitoka bwenini na masanduku mawili. Hakupita kwa dada yake kula. Alimpigia mama yake simu akamwambia amepata kazi Tongyeong, kwenye karakana ya mashua za uvuvi, na kwamba hewa ya huko ni nzuri zaidi.

Jumatatu darasa la alfajiri lilikuwa na watu kumi na mmoja. Hakuna aliyekikalia kiti cha Chang-dae wala aliyemtaja. Fundi wa nyaya mmoja alisimulia alivyokwenda kuvua samaki mwisho wa wiki, makosa manne katika sentensi moja. Alun alifungua mdomo kusema lile neno lake la kila siku, akashindwa. Darasa likangoja. Fundi akakaa chini polepole, hajui alichokosa.

Jioni hiyohiyo Alun aliandika barua. Aliiandika kwa Kikorea, kwa mkono, akitafuta maneno kwenye kamusi kama mtoto. Alisema ripoti za Ok Chang-dae hazikuwa za kweli. Alieleza hapana ya Kikorea na hapana ya Kiingereza. Alisema mtu yule hakukiri chochote. Kesho yake aliipeleka mwenyewe.

Meneja Pyo aliisoma mara mbili, kisha akapanga kalamu zake.

"Mwalimu, ungeniletea hii wiki mbili zilizopita."

"Najua."

"Nilikuuliza. Ulikaa hapohapo ulipo."

"Najua, Meneja."

"Faili limefungwa. Mwenyewe ameandika kwamba anaondoka kwa hiari yake. Matangi yanakwanguliwa. Wanorwe wameridhika." Aliikunja barua kwa mikunjo yake ileile. "Nikiipokea hii, lazima nifungue mafaili yako yote arobaini. Na ya mwalimu wa injini, na ya wale wawili wa usanifu. Unadhani ripoti zao ni tofauti na zako?"

"Sidhani."

"Hata mimi sidhani." Akamnyooshea ile barua. "Sitakuzuia ukiiacha mezani. Lakini ukiiacha, nitaifanyia kazi. Ndiyo kazi yangu."

Ilikuwa kati yao, mkononi mwa mwanamke yule, kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu hadi kumi. Pembeni mwa meza palikuwa na bahasha ya mkataba mpya wenye jina la Alun. Meneja Pyo hakuitaja. Hakuhitaji kuitaja.

Alun alichukua barua yake akaitia mfuko wa ndani wa koti. Kisha akachukua na bahasha.

Jumapili alikwenda Tongyeong. Karakana ilikuwa nyuma ya soko la samaki, mashua tano zimepandishwa nchi kavu juu ya magogo. Alimkuta Chang-dae chini ya tumbo la mashua moja, amelala chali, anakwangua makombe ya baharini na rangi kuukuu kwa chuma bapa. Vumbi jekundu lilikuwa limejaa nyusi zake. Ilikuwa kazi ya kijana wa miaka ishirini.

"Shemeji!" alisema akijivuta nje, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Umenipataje? Ngoja ninawe. Umekula? Hapa kuna mama anatengeneza supu ya chaza, utamsahau hata mama mkwe wako."

"Chang-dae, kaa kwanza."

Wakakaa kwenye makreti ya samaki. Alun alikuwa amejipangia maneno njia nzima, lakini yalipotoka yalitoka bila mpango. Alimweleza swali la Mnorwe. Akamweleza hapana inavyofanya kazi. Alieleza vizuri sana, kwa mifano mitatu, hatua kwa hatua, kama ambavyo angepaswa kueleza mwezi wa kwanza wa darasa.

Chang-dae alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, midomo yake ikirudiarudia. "Hukula? Hapana." Akahesabu kwa vidole. "Hukula? Hapana... maana yake sikula." Akainua macho. "Kwa hiyo nilisema mwenyewe."

"Ndiyo."

"Nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba sikupima."

"Hukujua."

"Na mimi kila usiku nalala nikimlaani yule mzungu wa watu." Akatikisa kichwa, nusura acheke. Kisha wazo lingine likamjia, na Alun aliliona likimjia. "Shemeji. Darasani niliwahi kukosea hivi?"

"Mara nyingi."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Chang-dae aliokota kile chuma bapa akakifuta kwa paja la suruali, upande huu, kisha upande ule.

"Mimi nilikuwa na mvulana mmoja zamani," alisema, "alikuwa anapaka pembeni mwa tangi haraka haraka, penye giza, mahali ambapo mkaguzi hafiki. Nilimtukana mbele ya watu hadi akalia. Leo ndiye fundi bora pale. Ananichukia mpaka kesho." Akakung'uta vumbi nyusini. "Ungenitukana, Alun. Ningekasirika wiki moja, halafu ningesoma. Mimi nilikuwa nasoma! Nilikuwa naamka saa kumi. Siku ile niliingia chumba cha wale Wanorwe bila hata chembe ya hofu. Unajua kwa nini? Kwa sababu wewe uliniambia najua."

"Nisamehe."

"Ile sahihi. Uliweka baada ya kujua au kabla?"

Alun angeweza kudanganya hapo, na asingejulikana. "Baada," alisema.

Mwenye karakana alipiga mluzi kutoka ofisini, kwamba mashua lazima ishushwe maji yakijaa. Chang-dae alisimama. Hakupiga kelele wala hakumgusa. Alirudi chini ya mashua akalala chali, na sauti ya chuma juu ya mbao ikaanza tena. Alun alingoja kwenye kreti hadi miguu ikafa ganzi, lakini hakuna aliyetoka kumwita kwenye supu.

Aliporudi nyumbani aliwakuta wanawake wawili jikoni wakimenya vitunguu saumu. Alisimama mlangoni hata viatu hajavua, akamwambia mama mkwe wake kila kitu, tangu ripoti ya kwanza hadi bahasha ya mkataba. Yeon-hui alianza kulia katikati ya maneno. Mama Mal-sun hakuacha kumenya. Alun alipofika mwisho, kikongwe alisukuma maganda yakawa rundo moja, akauliza swali moja tu.

"Na wewe binti yangu ulijua?"

Yeon-hui akaitikia kwa kichwa.

Siku tatu zilizofuata kikongwe alipika, akafua, akajibu alipoulizwa. Mezani vipande vinono vya samaki vilibaki kwenye sahani, kila mtu akijichukulia. Siku ya nne, baada ya chai ya asubuhi, alitoka chumbani mwake amevaa koti la kusafiria, ameshika furushi moja la kitambaa.

"Chang-dae amepanga chumba," alisema. "Hana mtu wa kumpikia."

"Mama, chumba chenyewe hakina hata dirisha," Yeon-hui alisema. "Mama, mgongo wako..."

"Nimekaa vyumba visivyo na dirisha miaka sitini."

Alun alikuwa amevaa tayari kwa kazi, kitambulisho cha kampuni shingoni. Alifungua droo upesi akatoa funguo za gari. "Nitakupeleka, Mama. Nitaomba ruhusa kazini, ni mwendo mfupi tu."

Mama Mal-sun alikuwa ameinama anavaa viatu. Alivivaa taratibu, kimoja kwanza, kisha cha pili, akashika ukuta ili asimame. Alipomgeukia uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa wa adabu tupu, adabu ya mtu anayeagana na mwenye nyumba ya wageni.

"Usijisumbue, Mwalimu," alisema. "Basi lipo."